Pipa la Makasi

Watu walimwita Makasi, na jina hilo hakulipata kwenye ushonaji. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kukata sauti. Alianza enzi za kanda, unakata kwa wembe na kuunganisha kwa kipande cha utepe wa gundi, akamalizia kwenye kompyuta, na katika miaka yote hiyo hakuna pumzi ya binadamu iliyopita mbele yake ikatoka salama. Ukikohoa, anakata. Ukimeza mate, anakata. Ukivuta pumzi kabla ya kuanza sentensi, kama tunavyovuta sote tuliojaliwa mapafu, Makasi anaitafuta hiyo pumzi kwenye kioo cha kompyuta, anaipaka rangi ya buluu, anabonyeza, imekwenda. Tena alijivunia. "Msikilizaji anataka hadithi," alikuwa akisema, "hataki kusikia mapafu ya mtu."

Na mapafu aliyoyakata kuliko yote ni ya mke wake mwenyewe.

Mke wake ndiye aliyesoma hadithi za watoto redioni kila Jumamosi asubuhi, vipindi mia sita na kumi na moja. Watoto walimjua kwa jina la Shangazi wa Redio, na mpaka leo kuna watu wazima na ndevu zao wakimkuta sokoni wanampa shikamoo Shangazi, halafu wanasimama pale wanachekacheka kama wana miaka sita. Makasi mwenyewe humwita bibie. Walirekodia nyumbani, katika chumba cha nyuma walichokitundika mablanketi ukutani ili sauti isidunde. Bibie alikaa upande wa maikrofoni, Makasi upande wa mashine, na katikati yao pazia zito la kuzuia mlio wa feni ya kompyuta. Wamezeeka hivyo, mmoja huku na mwingine kule, wakisikilizana.

Sasa bibie hana sauti. Miezi kumi na minne iliyopita madaktari walimtoa uvimbe kooni, na ili uvimbe utoke ilibidi kisanduku chote cha sauti kitoke nao. Walieleza kwa upole, wakachora na picha, wakasema uamuzi ni wake. Akaomba kalamu, akaandika neno moja: Naishi. Siku hizi anapumua kwa tundu dogo chini ya shingo, lililofunikwa kitambaa cheupe, na anaongea kwa daftari lenye penseli iliyofungwa kwa uzi. Afya imerudi. Ugomvi anagomba vilevile, ila kwa herufi kubwa. Lakini nyumba imenyamaza, na Makasi, aliyetafuta ukimya maisha yake yote, alipoupata hakuutaka hata kidogo.

Mambo yalianza Jumapili moja, binti yao alipokuja kuwaona. Binti huyo ni mkunga, mtu wa maneno machache na mikono mepesi. Alisubiri mama yake aende uani, akamsogelea baba yake.

"Baba, hivi kuna mahali popote mama anaongea tu? Siyo kusoma. Kuongea, kama tunavyoongea hapa."

"Kwa nini?"

"Juzi nilikuwa kazini, nikataka kukumbuka alivyokuwa akiniita. Jina nalikumbuka, sauti haikuja. Nimeogopa, baba."

Makasi akacheka. Alicheka kwa raha, kama mtu aliyeulizwa kama ana funguo za nyumba yake. "Kuna mahali? Mwanangu, ipo ya kujaza gunia!"

Na kweli aliamini hivyo. Maana bibie hakuwa mtu wa kukaa mbele ya maikrofoni akanyamaza. Kabla hajasoma mstari mmoja alishalalamikia kiti, ameomba maji, amemsengenya jirani, amemtania mumewe, amecheka mpaka akaomba leso. Yote hayo Makasi aliyarekodi, na yote aliyakata. Ila ile programu yake ya kukatia, ambayo wenzake walizoea kuiita Wembe kwa kukumbuka enzi za kanda, ilikuwa na ustaarabu wake. Haikutupa kitu. Ulichokata ilikiweka pembeni, kwenye kisanduku kidogo chini ya kioo kilichoandikwa Pipa, ukikihitaji unakirudisha. Sauti ya bibie iko ndani ya Pipa. Kazi ni kufungua tu.

Hakumwambia binti yake kwamba yeye ndiye aliyekuwa na njaa zaidi. Tangu operesheni alikuwa amesikiliza vipindi vyote mia sita na kumi na moja, kimoja baada ya kingine, mchana kutwa, hedifoni masikioni. Ndani yake bibie alikuwa sungura, alikuwa malkia, alikuwa mama chura, alikuwa hata mvua. Mahali pa bibie kuwa bibie hapakuwepo. Na hakuna hata mara moja aliposema "Makasi". Jina hilo alikuwa akilivuta mwishoni, Makasiii, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili hata kama umekaa naye meza moja. Kwa miaka mingi lilimkera. Sasa angetoa chochote alisikie.

Akaamua iwe siri mpaka aipate, amshangaze.

Kompyuta ya zamani yenye Wembe ilikuwa imefika mwisho. Feni inakoroma, kioo kinapepesa, ukiiwasha Jumatatu inaamka Jumanne. Binti yao alikuwa amewaletea mpya, nyembamba, nyepesi, ya kupakata. Makasi akahamisha mafaili yote, akahamisha na Wembe wenyewe, akaketi, akabonyeza. Kompyuta mpya ikafikiri kidogo, ikaandika: Programu hii haifanyi kazi hapa. Wasiliana na mtengenezaji.

"Mtengenezaji yupi?" Makasi akaifokea. "Amefunga virago miaka kumi na miwili sasa!"

Kweli, kampuni ya Wembe ilishakufa. Walitangaza kwa barua fupi kwamba wanashukuru kwa ushirikiano, na biashara ikaishia hapo. Makasi akajaribu programu nyingine, za kisasa. Ya kwanza ilitaka barua pepe yake, tarehe ya kuzaliwa na nambari ya simu kabla haijamwonyesha kitu, akaifuta kwa hasira. Ya pili ilifungua vipindi vilivyokamilika bila shida, lakini ukiipa faili la Wembe lenyewe, lenye Pipa ndani, ilisema hailitambui. Akaipa faili hilo mara tano, ikakataa mara tano.

Katika kuhangaika huko akaona kitufe juu kabisa: Ondoa pumzi. Akashangaa. Akachukua maikrofoni, akasoma maneno mawili matatu ya gazeti, akabonyeza. Pumzi zote zikatoweka kabla hajafunga mdomo. Akasikiliza mara mbili kutafuta kosa, hakuliona. Miaka thelathini na mmoja, mgongo umepinda, macho yamechoka, na kazi yake yote imekuwa kitufe. Iliuma, tusidanganyane.

Bibie akaingia na daftari. Akaliweka mbele yake juu ya kibodi.

Siku ya nne umejifungia humu. Unanikimbia?

"Wee! Nikukimbie niende wapi?" Makasi akasema, na kwa haraka akafunga kioo cha kompyuta, jambo ambalo halikumsaidia. "Najifunza hii mashine mpya tu, bibie."

Bibie alimtazama. Kwa miaka yote waliyokaa pamoja alijua mumewe akidanganya anashika sikio, na wakati huo alikuwa amelishika. Akaandika: Sawa. Nukta ya mwisho aliibonyeza mpaka karatasi ikatoboka, akatoka. Makasi alisikia pumzi yake ikipita kwenye kitambaa cha shingoni, fyuu, fyuu, ikaenda mpaka jikoni. Akatamani kumfuata amweleze. Akajizuia, akijiambia nikishapata, nitamwonyesha, atafurahi. Wanaume wana ujinga wao.

Kesho yake akaifunga kompyuta ya zamani kwa shuka, akatia mpya kwenye mfuko, akaenda kwa fundi. Fundi huyo ni mwanamke mnene mchangamfu, kibanda chake kiko nyuma ya duka la vitabu vya shule, na kwa jinsi nyaya zinavyoning'inia humo kila mahali, watu humwita Mama Nyaya. Alifunua shuka, akashika kiuno.

"Mzee, hii umeifukua wapi?"

"Ina vitu vyangu."

"Vitu gani?"

"Sauti ya mke wangu."

Mama Nyaya utani ukamwisha. Akafuta mikono kwenye gauni. "Pole sana, mzee wangu. Alifariki lini?"

"Hajafariki. Yuko nyumbani amenuna."

Mama Nyaya alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaomba radhi, kisha akacheka tena. Makasi naye ikambidi acheke, na ndipo akamweleza yote, kuanzia operesheni mpaka Pipa. Fundi alisikiliza kwa makini. Alipomaliza, hakumpa maneno ya kumliwaza, alichukua bisibisi.

"Sikiliza, mzee. Hiyo programu yako ni kikongwe. Ukimlazimisha kikongwe ahamie nyumba mpya, asiyojua mlango uko wapi, atakufa. Tumwache kwake. Nitachukua hii diski yote ya zamani kama ilivyo, niiweke ndani ya kompyuta mpya. Itakuwa kompyuta ndani ya kompyuta. Programu ikiamka itadhani iko kwake."

"Tunaidanganya?"

"Tunaidanganya. Kuna ubaya?"

"Hakuna," Makasi akasema. "Danganya."

Ilichukua siku tatu. Diski ilikuwa na madoa, fundi alisema, akawa anaibembeleza, inasoma kidogo inapumzika. Makasi alikwenda kila siku akakaa kwenye kigoda kibandani, akimzuia fundi kufanya kazi kwa maswali. Siku ya tatu Mama Nyaya akamgeuzia kompyuta mpya. Katikati ya kioo kilifunguka kidirisha, na ndani yake kikatokea kioo cha zamani vilevile alivyokiacha, na ile picha ya binti yao akiwa na miaka saba, anacheka, meno ya mbele hana. Makasi akashika mdomo.

"Haya, fungua," fundi akasema.

Akafungua Wembe. Yakaja maandishi mekundu: Inatafuta leseni. Ikatafuta. Ikatafuta. Leseni haijapatikana.

"Nini tena?"

"Inapiga simu kwa kampuni, iulize kama wewe si mwizi," Mama Nyaya akasema. "Na kampuni ni marehemu, nani atapokea?" Akauma midomo, akapekua faili moja baada ya jingine. "Ngoja. Mara ya mwisho ilipojibiwa ilipewa siku thelathini za kukuamini bila kuuliza. Basi turudi kwenye siku zile."

Akaingia kwenye saa ya kile kidirisha, akairudisha nyuma miaka kumi na miwili na miezi miwili. Akafungua tena. Wembe ukatafuta kidogo, ukatulia, ukafunguka. Rangi ya kijivu, vitufe vikubwavikubwa, na kule chini kisanduku cha Pipa. Makasi machozi yalimlenga pale pale, mbele ya mteja mwingine aliyeleta simu. Alimshika fundi mikono yote miwili na kuitikisa.

"Mungu akuzidishie, mwanangu."

"Nenda kamsikilize mkeo, mzee. Na ununo ukaishe."

Alirudi nyumbani mbio. Bibie alikuwa uani anaanika nguo, Makasi akapita mlango wa mbele kimyakimya, akaingia chumba cha nyuma, akavaa hedifoni. Akafungua kipindi cha kwanza kabisa. Mawimbi ya sauti yakajipanga. Akashusha macho kwenye Pipa.

Tupu.

Akadhani ni kwa kuwa kilikuwa cha kwanza. Akafungua cha pili. Tupu. Cha kumi, tupu. Cha mia mbili, tupu. Alifika cha arobaini katika kufungua kwake ndipo jicho likaangukia kitufe kidogo chekundu pembeni ya Pipa, na mkono wake ukakikumbuka kabla ya akili. Safisha.

Lahaula. Ni yeye. Wembe haukutupa kitu, kweli, ila ulimpa mwenye kazi kitufe cha kutupa, na Makasi alikibonyeza kila kipindi kilipokamilika. Mwanzoni diski zilikuwa ndogo, hapo hana lawama. Lakini baadaye zilikuja kubwa, nafasi tele, na bado alibonyeza. Nani alimtuma? Hakuna. Alipenda tu. Alipenda kuona kile kisanduku kikiwa cheupe, meza safi, kazi safi. Aliwafundisha na wanafunzi wake, akiwakazia macho: "Kazi haijaisha mpaka pipa liwe tupu." Wengine walikuwa na uvivu, hawakusafisha. Yeye hakuwahi kusahau. Kila kicheko cha bibie, kila tusi la mapenzi, kila Makasiii, alivikusanya kwa mikono yake mwenyewe na kuvimwaga, na akaenda kulala na amani.

Alilia. Na si kilio cha kupangusa kwa kidole. Alilia kwa sauti, kwikwi juu ya kwikwi, hedifoni bado masikioni.

Bibie sauti hana, lakini masikio anayo mazima. Alikuja na maji ya nguo mikononi, akamvua hedifoni, akamgeuza uso. Na hapo siri ikaishia.

"Sikuwa nakukimbia," Makasi akasema. "Nilikuwa nakutafuta. Nilitaka nikusikie unaongea, bibie. Si hadithi. Wewe. Nikamwahidi na mtoto. Kumbe nimekutupa. Nimekutupa mara mia sita na kumi na moja kwa mkono wangu."

Bibie akamsikiliza mpaka mwisho. Pumzi ikawa inaingia na kutoka kwenye kitambaa chake. Kisha akavuta kigoda, akaketi karibu, akalaza daftari gotini. Alimpangusa mzee machozi kwa kiganja chenye sabuni, yakazidi. Alipoona mumewe ametulia kidogo, akafikiri, akaandika, akafuta, akaandika tena. Makasi alisubiri. Zamani kituo kirefu namna hiyo asingekiacha.

Daftari likageuzwa.

Na ile ya kinyonga?

"Kinyonga gani?"

Bibie akamtolea macho. Akaandika: UNANIULIZA KINYONGA GANI?

Ndipo Makasi akakumbuka, na uso ukamwiva. Miaka ishirini na miwili iliyopita kulikuwa na hadithi ya kinyonga aliyechelewa harusini. Ilikuwa na sentensi moja ndefu yenye neno polepole mara nne, na kila bibie akiifika anaishiwa, anavuta pumzi katikati. Makasi akataka isomwe yote kwa pumzi moja. Wakarudia. Wakarudia. Siku hiyo waligombana ugomvi ambao mpaka leo hawautaji, na kwa siku mbili walisalimiana kupitia mtoto. Kipindi hakikumalizika. Redio wakampa hadithi hiyo msomaji mwingine.

Hakikumalizika. Makasi akaruka kitini. Kazi isiyoisha yeye hakuisafisha!

Akashuka kwenye orodha mpaka chini kabisa, chini ya vile mia sita na kumi na moja, na pale kikawepo kimoja cha ziada: Kinyonga, haijaisha. Akakifungua. Pipa likajaa mpaka likaota mshale wa kushukia. Vipande arobaini na vitatu.

Akachomoa waya wa hedifoni ili wasikie wote wawili. Bibie akasogeza kigoda mpaka magoti yao yakagusana, na Makasi akabonyeza cha kwanza.

"Moja mbili, moja mbili. Unanisikia huko? Kiti hiki kinalia, nilikwambia ukitie mafuta tangu juzi. Wewe ukiambiwa na redio unasikia, ukiambiwa na mkeo una nta masikioni."

Ilikuwa yeye. Si Shangazi wa Redio na sauti yake ya asali, yeye mwenyewe, sauti yenye mkwaruzo kidogo, ya mtu aliyeamka mapema. Bibie akaweka kiganja juu ya kitambaa chake cha shingoni na kukiacha hapo. Makasi hakumtazama, maana angemtazama asingeweza kuendelea. Akabonyeza kingine. Kulisikika kitasa na sauti ndogo ya mtoto ikisema mama nimemaliza kuoga, na bibie akijibu, "Haya Kijino changu, vaa nguo za nyumbani, nakuja, baba yako akiniachia."

"Kijino," Makasi akarudia. Akakiweka pembeni kwa ajili ya binti yao, akakitia alama tatu ili kisipotee.

Vikafuata vya ugomvi. Sauti yake mwenyewe Makasi, kijana na mjuaji, kutoka nyuma ya pazia: "Rudia. Umepumua kwenye polepole ya tatu." Na bibie: "Nimerudia mara kumi na tisa!" Na yeye: "Basi iwe ishirini." Halafu bibie akalipuka.

"Mimi napumua, bwana! Napumua! Ukitaka msomaji asiyepumua, beba maikrofoni yako nenda kaburini ukarekodi huko, watakusomea hadithi nzima bila kituo!"

Mabega ya bibie yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Kicheko chake siku hizi hakina sauti, ni pumzi tu inayoruka kwenye kitambaa, na machozi, na kumpigapiga mumewe gotini. Makasi naye akacheka, kamasi na machozi pamoja. Na katika kucheka huko, mkono wake wa kulia, bila kuagizwa na mtu, ulikwenda kwenye ile pumzi kubwa iliyotangulia neno "mimi", ukaipaka rangi ya buluu. Miaka thelathini na mmoja si mchezo. Kidole kilikuwa kimeshafika juu ya kitufe cha kukata.

Bibie akauweka mkono wake juu ya mkono huo. Hakuubana, aliuweka tu. Makasi akaona alichotaka kufanya, akaachia kipanya kama kimemchoma.

"Nisamehe, bibie."

Bibie akaonyesha kioo kwa kidevu: endelea.

Vipande vilikwisha, lakini rekodi yenyewe haikuwa imekwisha. Mwishoni kulikuwa na sehemu ndefu ambayo haikuwahi kuguswa, kwa sababu siku ile aliyekuwa kwenye mashine alisahau hata kuizima. Kiti kikaanguka. Mlango ukabamizwa. Kisha dakika nzima ya mlio wa feni, na Makasi akijua wazi ni nini kilichokuwa kikiendelea ndani ya ukimya ule: yeye, nyuma ya pazia, hedifoni masikioni, mikono kifuani, amenuna.

Kisha mlango ukafunguka taratibu. Nyayo. Mtu akasogea karibu na maikrofoni, akavuta pumzi.

"Makasi."

Feni.

"Makasiii. Haya basi, huyo kinyonga wako tutammaliza kesho. Njoo ule, chakula kinapoa."

Feni, muda mrefu.

"Unanisikia lakini. Nakujua." Na mlango ukafungwa, safari hii polepole.

Makasi alikumbuka kila kitu. Alimsikia siku ile, alimsikia vizuri kabisa, masikioni kabisa. Hakujibu. Alikaa saa nzima na kiburi chake, alipotoka alikuta sahani imefunikwa na bibie amelala. Mwanamke alikuja kumwita kwa sauti ya upole, akasubiri jibu mbele ya maikrofoni, na hakupewa. Na ndiyo rekodi pekee iliyobaki duniani ya bibie akimwita.

Akarudisha nyuma. Akasikiliza tena pumzi, na jina, na wito. Ilipofika ile sehemu ya feni, pale palipoachwa wazi miaka yote, Makasi akasimama wima kama mtoto aliyeitwa darasani.

"Nakuja," akaiambia kompyuta. "Nakuja, bibie wangu."

Bibie alimtazama kutoka kwenye kigoda, kichwa amekiinamisha upande, macho yamejaa. Akachukua daftari. Aliandika taratibu, kwa mwandiko wake mzuri wa siku za kazi, akamgeuzia.

Kimeshapoa.

Kisha akainuka, akamshika mkono, akamvuta kwenda jikoni.